Bila Wino, Hakuna Nyama

Siku Henry alipoletwa Katangi kuonyeshwa ukoo, ndugu yangu Masila alivaa suti aliyoinunua kwa mazishi ya baba yetu, akatembea soko zima akisalimia hata watu aliowahi kuwashtaki kwa chifu. Mkwe wake alikuwa mzungu. Alikuwa mzungu aliyemzidi yeye baba mkwe kwa umri, mwenye goti bovu na kofia ya ukindu, lakini mzungu ni mzungu, na Masila hakutaka kusikia habari za goti.

Mimi ni Wanza, dada yake mkubwa. Nalima ndengu, na siku ambazo silimi nazunguka nyumba za watu na begi la buluu la mhudumu wa afya, nikipima presha, nikiuliza kama mtoto amechanjwa, nikieleza mambo ambayo watu hawapendi kuelezwa. Wengine wakiniona njiani hukumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria motoni. Sijali. Mungu alinipa mdomo mkubwa na nitamrudishia ukiwa umechakaa.

Mumbua ni binti wa Masila. Alienda pwani, Mtwapa, alipomaliza shule, akasema amepata kazi hotelini. Hotelini kufanya nini, hakuna aliyeuliza. Kila Krismasi aliporudi alikuta maswali ya nyumba tu: mwanzo mabati, halafu simiti, halafu tangi la maji. Masila, aliyeendesha lori la kokoto kule Mlolongo miaka mingi na kurudi na kikohozi tu, akapata paa jekundu linaloonekana toka kanisani. Akina mama wengine wakaanza kuwatazama binti zao kwa jicho la kupima. Binti wa jirani aliacha chuo cha ushonaji akapanda basi la Mombasa. Kijana mmoja wa kwaya akajifunza maneno ya mapenzi kwa Kijerumani, akaenda kutafuta bibi wa kizungu wa rika la nyanya yake. Kanisani walikuwepo waliofumba macho wakasema, "Bwana, utukumbuke na sisi," na sote tulijua wanaomba paa.

Mimi Mtwapa nimefika. Tulipelekwa huko semina, sisi wahudumu wa afya. Niliwaona wazee wa ng'ambo wamekaa kwenye baa mchana kweupe, kila mmoja na msichana anayecheka kabla mzaha haujaisha. Mwuguzi aliyetufundisha alisema mgeni hukaa wiki mbili akarudi kwao, na wapo wanaolipa zaidi ili mpira usitumike, na msichana ambaye mwenye nyumba amemfungia mlango kwa sababu ya kodi hana nguvu ya kubishana. Nilirudi Katangi nikiwa na hasira, na hasira hiyo sikuwa na mtu wa kumpa.

Kwa hiyo niliposikia Mumbua anaolewa na mmoja wao, nilikuwa na swali moja tu. Henry amepimwa?

Kanisa letu haliozeshi mtu bila cheti cha damu. Fundi wa baiskeli akitaka kuoa, mchungaji anamdai cheti kabla hajamaliza salamu. Kwa Henry, mchungaji alisema cheti tutakiangalia baadaye, tutangulize mila. Mila yenyewe ni ntheo. Kwetu sisi Wakamba, msichana hata azae na mtu watoto nyumba ijae, kama mbuzi wa ntheo hawajaletwa kwao wakachinjwa wakaliwa, huyo si mke wa mtu. Na wakishaliwa, mambo yamekwisha. Ndiyo maana nilitaka jibu kabla ya kisu.

Nilimsubiri Masila aje kwangu kuazima viti.

"Masila, huyu mtu amepimwa?"

"Amepimwa nini?"

"Damu."

"Aiya! Mgeni ameleta mbuzi, wewe unataka damu?"

"Hizo mbuzi umefungua mdomo ukaangalia meno. Umeshika mgongo. Umeita Nzau wa bucha aangalie macho. Sasa bwana arusi umeangalia nini?"

"Nimeangalia roho yake."

"Na ukaiona?"

Alitoka akanifungia mlango kwa kishindo, na ulikuwa mlango wangu.

Nikamwendea Mzee Muthoka, msemaji wa ukoo, mtu ambaye akianza kuongea kuku hulala. Alinisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Wanza, mgeni hapimwi kama ng'ombe ya mnada. Hiyo ni aibu. Unataka watu wa ng'ambo waseme Wakamba hawana heshima?"

"Kumpima yeye peke yake ndio aibu?"

"Ii. Yeye peke yake, ni aibu."

Nikamshukuru kwa hekima yake na nikaondoka nikitabasamu, jambo ambalo lingemtisha kama angekuwa amefumbua macho.

Emily ndiye mwuguzi wa zahanati yetu. Kila mwezi hupeleka hema lake mahali fulani, akapima watu presha, sukari na virusi vya ukimwi. Nilimwomba mwezi huo alisimamishe kwa Masila, siku ya ntheo. Masila nilimwambia ni la presha ya wazee, naye akafurahi kwa sababu hema linafanya sherehe ionekane kubwa. Halafu nikaenda buchani kwa Nzau, kwa kuwa yeye ndiye angechinja, angechoma na angegawa. Nilimweleza mpango wangu: kila atakayetoka katika hema apakwe kidole dawa ile ya zambarau tunayowapaka watoto wenye vidonda mdomoni, kama wino wa kupiga kura. Asiye na wino hali nyama. Nzau alicheka mpaka akashika mbao ya kukatia.

"Na wakikataa?"

"Wakikataa si mtabaki wachache?"

"Hapo umenena, mwaitu, mama yangu," akasema. "Wakibaki wachache, tutashiba."

Emily hakucheka sana. "Aunty, mimi silazimishi mtu. Mtu akiingia hapa aseme hataki kupimwa, nitampaka wino vilevile na ataenda kula."

"Sawa kabisa," nikasema. "Lakini usitangaze. Mwenye hofu hataingia hata kuuliza."

Siku ikafika. Wazee wakakaa kwenye viti vya plastiki, Muthoka mbele. Henry alikaa katikati, kofia magotini, Mumbua pembeni yake amevaa kitenge cha njano, mwembamba na mzuri, akimtafsiria kila kitu kwa sauti ya chini. Mbuzi wakachinjwa. Nikasubiri. Nilingoja mpaka mafuta yalipoanza kudondoka kwenye makaa, moshi ukapita kwenye viti vya wazee polepole, na Muthoka akameza mate katikati ya sentensi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ndipo nilipomkonyeza Nzau.

Nzau akasimama na kisu. Akawaambia watu kwamba leo, kwa heshima ya mgeni, na ili mgeni asipimwe peke yake kama ng'ombe wa mnada, watu wote watapitia kwa sista Emily kwanza. "Presha, sukari na ile nyingine. Ukitoka, unapakwa wino. Mimi hapa naangalia kidole. Bila wino, hakuna nyama."

Masila alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu chake. Mimi nikaangalia mawingu.

Mumbua akachelewa kidogo kutafsiri. Henry akamwinamia, akasikiliza, akacheka, akasimama kwa shida ya goti lake, akaenda hemani. Mwenyewe! Sikuamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, kwa ugomvi, kwa gari kuwashwa na mtu kukimbilia Mombasa. Alikaa humo muda wa kikombe cha chai, akatoka ameinua kidole cha zambarau juu kama aliyetoka kupiga kura. Akina mama wakapiga vigelegele. Nzau akamkatia paja.

Nikaona haya kidogo. Kidogo tu, kwa sababu mara wanaume wa ukoo wetu wakaanza kuugua.

Muthoka akakumbuka kwamba daktari alimkataza nyama nyekundu kwa sababu ya jongo. Jongo! Mtu aliyekula kichwa kizima cha mbuzi siku ya Jamhuri. Mwingine jino likamuuma. Mwingine akasema amefunga, na mkewe akamuuliza amefunga tangu saa ngapi, maana asubuhi alikula muthokoi sahani mbili. Mmoja akakumbuka ng'ombe aliyemwacha amefungwa kwenye jua, akaenda kumfungua, na kwa ninavyojua huyo mtu hajawahi kuwa na ng'ombe. Masila alisema mwenye boma hula mwisho. Viti vikabaki vitupu, na moshi mzuri ukawa unapita bure.

Akina mama walicheka mpaka wakalegeza vilemba. Waliingia hemani wakipigana vikumbo. "Sisi tumezoea," Ndila, mke wa Masila, alisema. "Kila mimba unapimwa kliniki. Hawa wanaume wanangojanga majibu yetu, halafu wanasema ni yao."

Mwanzia wa kwaya alikuwa na njaa kuliko hofu, akaingia. Hapo nikakumbuka jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka mapema. Watu wa Katangi wana saa yao. Mtu akiingia hema la kupimwa akatoka upesi, yu salama. Akikawia, ameonekana nayo, maana yake anapewa ushauri. Hawahitaji kuona karatasi yoyote, wanaangalia tu kitambaa cha mlango. Mwanzia akakawia. Vicheko vikaisha. Mkewe akaweka sahani chini. Wapo waliosogeza viti mbali na kiti chake. Hatimaye Mwanzia akatoka, kidole kina wino, akauliza kwa nini watu wanamwangalia. Alikuwa anamuuliza Emily habari ya masikio yake, kwamba yanalia usiku. Mkewe alimpiga na leso.

Tulicheka tena, na nilikuwa bado nacheka Muthoka aliposimama kutimiza ile sehemu ambayo hata jongo halikatazi.

"Mumbua wa Masila," akasema, "mbuzi wako hapa. Watu wenu wameuliza, je, waliwe?"

Msichana akisema waliwe, anapewa ini, anakula wa kwanza mbele ya wote, na ntheo imefungwa. Nzau alikuwa ameliweka ini kwenye ubao, kisu mkononi, amejaa sheria yangu.

"Kidole," akamwambia, akitabasamu.

Mumbua akaangalia mkono wake. Kisha akaniangalia mimi, na lile tabasamu langu likakauka. Namjua mtoto yule. Nilimbeba mgongoni. Aliwahi kunitazama hivyo mara moja tu, alipokuwa mdogo akaanguka kwenye kisima cha mchanga tulichochimba mtoni.

"Siku hizi sili nyama sana," akasema polepole.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha, kwa sababu wazee wote walikuwa wametumia hiyo. Halafu hawakucheka. Henry akasimama nusu. Masila akasema, "Mumbua?" Na saa ya Katangi ikaanza kuhesabu hapo hapo, hata kabla ya hema.

Nikasimama. "Bibi arusi haingii hemani peke yake," nikatangaza. "Anaingia na shangazi yake. Ndivyo ilivyo." Haikuwa hivyo. Lakini nilisema kwa sauti ya mila, na Muthoka, ambaye hawezi kukubali kwamba kuna mila asiyoijua, akaitikia kwa kichwa.

Ndani ya hema Mumbua akakaa kwenye kiti, akaweka mikono katikati ya magoti.

"Anti, wewe umenifanyia nini?"

"Mwana wakwa, nilikuwa namtafuta yeye."

"Yeye hana. Mimi ndio niko nayo."

Emily akasogeza sanduku lake la vipimo pembeni.

Mumbua akatueleza, upesi upesi, kama mtu anayetema. Kabla ya Henry alikuwepo mgeni mwingine, aliyekuja likizo na kuahidi kurudi. Alilipa zaidi bila mpira. Ilikuwa mwezi Novemba na baba alikuwa amepiga simu kuhusu simiti. Mgeni alirudi kwao, namba yake ikazimwa. "Henry alikuja baadaye. Anti, si malaika. Alikuja kutafuta kile wengine wanatafuta. Lakini yeye alisema twende tupimwe kwanza, wawili. Yeye akapatikana hana. Mimi nikapatikana niko nayo. Nilijua ataenda. Akakaa hapo nje ya kliniki na kofia yake, akaniuliza kama nimekula." Akajifuta pua. "Nakunywa dawa kila jioni. Ziko kwa kopo ya mafuta ya nywele. Virusi hata havionekani kwa damu. Siwezi kumwambukiza. Anajua yote. Ni nyinyi tu hamjui."

"Kwa nini hukuniambia mimi? Si ndio kazi yangu?"

"Wewe unahubiri, Anti. Huyo mtu unahubiri juu yake, ndio mimi."

Hilo liliniingia kama mwiba wa mgunga, na bado halijatoka.

Emily akachukua ile dawa ya zambarau, akampaka kidole. "Kupimwa si lazima," akamwambia. "Unaweza kwenda kula ini yako sasa." Lingekwisha hapo, kama Mumbua angenyanyuka. Lakini alipoona kile kidole, akaanza kulia. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulia mbele ya mtu wa kwao. Alilia bila sauti, mabega yanaruka, akijaribu kuacha na akishindwa. Nikamshika. Nje kisu cha Nzau hakikusikika tena. Nilijua wanaangalia kitambaa cha mlango, na kila pumzi tuliyokawia ilikuwa inamvua nguo mtoto wangu mbele ya kijiji. Na atatokaje na macho mekundu hivyo? Kesho maneno yangefika hadi Kyumbi.

Nilikuwa nimeutega huo mtego mwenyewe, kwa kiburi na kwa mzaha, na sasa ulikuwa umemshika yeye. Niliogopa sana. Halafu wazo likanijia, na nilipoliona nilimuuliza Mungu kama hana jingine. Hakunijibu.

"Emily, nipake wino."

"Lakini aunty, wewe nilikupima juzi zahanati. Uko sa—"

"Nipake tu. Na unyamaze."

Nikavuta kilemba changu upande mmoja. Nikamwambia Mumbua, "Wewe nifuate, unishike mkono, ulie utakavyo." Nikavuta pumzi, nikafungua kitambaa, nikatoka mbele yake nikilia.

Na mimi najua kulia. Nimelia katika mazishi ya watu ambao sikuwapenda. Nilijitupa begani kwa Ndila, nikasema, "Ngai wakwa! Na uzee huu! Na uzee huu wote!" Sikusema uongo hata neno moja. Mimi ni mzee kweli. Yaliyobaki waliyajaza wenyewe, na waliyajaza haraka kuliko nilivyotarajia. Nilisikia jina langu likipita kwenye viti. Nikasikia mtu akisema, "Si marehemu Mumo alikuwa anasafirisafiri?" Mume wangu Mumo alikuwa fundi wa mashine za maji. Aliwahi kusafiri mpaka Machakos mjini na kurudi siku hiyo hiyo akilalamika kwamba kuna kelele. Nilimwomba msamaha moyoni, nikaongeza sauti.

Hakuna aliyemwangalia Mumbua. Macho yake mekundu yalikuwa ya shangazi yake. Alisimama akinishika mkono na kidole chake kina wino, na Muthoka, aliyetaka sana mambo yasonge mbele, akauliza tena kama mbuzi waliwe.

"Waliwe," Mumbua akasema.

Akala ini. Henry akapiga makofi peke yake, kisha akanyamaza alipoona hakuna anayepiga. Alinitazama kwa muda mrefu juu ya moshi, halafu akavua kofia yake. Yule mzee si mjinga. Bado simpendi, lakini si mjinga.

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi langu kanisani na nikawa na nafasi ya kutosha kulala. Akina mama walinisalimia kwa kunikumbatia kwa nguvu mno au kwa kunipungia toka mbali, wala hakukuwa na la katikati. Mchungaji aliombea "dada yetu mmoja," na watu wote wakafumba macho wakielekea kwangu. Nilipoenda kwa Masila, Ndila akaniletea chai katika kikombe cha plastiki cha kijani ambacho sikuwa nimekiona. Kumbe kilinunuliwa kwa ajili yangu. Mimi! Mimi niliyesimama mbele yao na chati ya rangi nikiwaeleza kwamba ukimwi hauenezwi na kikombe! Walipiga makofi siku ile. Niliinywa ile chai kwa hasira, na nilitamani kupiga kelele kwamba sina kitu, leteni kikombe cha udongo. Mumbua alikuwa amekaa mbele yangu, anaenda zake Mombasa na mumewe kesho yake. Akaangalia kile kikombe. Nikaimaliza chai nikaomba nyingine.

Basi nikakaa na sifa yangu mpya, na nilidhani kazi ya begi la buluu imekwisha. Nani atamfungulia mlango mhudumu mwenye balaa?

Mtu wa kwanza alikuja asubuhi, mwanamke kijana wa upande wa mtoni, akijifanya anatafuta mbuzi. Aliniuliza kama dawa zinanenepesha. Akaja yule mama wa binti aliyeenda na basi la Mombasa. Binti amerudi, hatoki chumbani, naye hajui amuulize vipi. Mzee Muthoka mwenyewe alikuja kupitia nyuma ya choo changu, jongo na yote, akasimama hapo akasafisha koo mpaka nikamhurumia. Miaka yote ile nilipowagongea milango nikiwa mtu safi mwenye mafundisho, walikumbuka sufuria motoni. Sasa walikuwa wanaruka ua wangu. Niliwapeleka kwa Emily mmoja mmoja. Nilicheka nikiwa peke yangu, kisha nikalia kidogo, bila kumpigia mtu maonyesho.

Masila alikuja wa mwisho. Nilikuwa napalilia ndengu, umande haujakauka. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi. Alichukua jembe la pili akalima mstari mzima pamoja nami, yeye ambaye hajashika jembe tangu paa jekundu.

"Hizo dawa," akasema akiangalia chini. "Zinaumiza tumbo?"

"Wanasema siku za kwanza tu."

Akalima. Akang'oa ndengu yangu nzuri akidhani ni gugu.

"Kule Mlolongo, Wanza, foleni ya mizani ya malori ilikuwa unaweza kulala hapo. Lori inalala, dereva pia analala, na si peke yake. Tulikuwa vijana." Akakohoa. "Na hii kikohozi haishi. Ndila alipimwa akiwa na mimba ya kitinda mimba, nikasema basi, hayo ni majibu yetu wawili. Mimi sijawahi kupimwa. Naogopa."

Ndugu yangu hajawahi kuniambia kwamba anaogopa kitu. Niliweka jembe chini.

"Mumbua asijue," akasema. "Ameniona baba ya maana. Nisimharibie."

Nilifungua mdomo, huu mkubwa niliopewa na Mungu. Mtoto alikuwa ameshaniambia yake chini ya lile hema, na baba alikuwa ananiambia yake katikati ya ndengu, na kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa siri ile ile. Neno moja tu na ningewapa wote wawili pumziko. Lakini halikuwa neno langu. Nikaufunga mdomo, na sikumbuki kama nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

"Twende kwa Emily," nikamwambia.

"Sasa? Kweupe hivi? Watu wataniona naingia."

"Watakuona unamsindikiza dada yako mgonjwa."

Akaniangalia. Alinichunguza uso kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mbuzi, na nikaona akili yake ikianza kutembea.

"Wanza. Kwani wewe ni kweli uko—"

"Beba begi," nikasema.

Alibeba begi la buluu begani. Tukapita katikati ya soko, mimi nikichechemea kidogo ili watu waridhike. Walitupisha. Nzau alitoka mlangoni mwa bucha akavua aproni yake kwa heshima. Mama mmoja mwenye nyanya akasema, "Pole Wanza, Mungu yupo," na mimi nikaitikia kwa sauti ya unyonge kama ipasavyo. Masila alinishika mkono, kama ndugu mwema anayemshikilia mgonjwa asianguke. Nikauegemea mkono wake kwa nguvu, ili mtu yeyote asione ni nani kati yetu aliyekuwa anamshikilia mwenzake.